Claudine Hakupiga Kelele

Siku ya gulio wodi ya wazazi huwa haina hata pa kupumulia. Siku hiyo muuguzi Esteri alikuwa peke yake. Mama mmoja alikuwa akipiga kelele, "Jamani, nakufa!" Esteri akamkimbilia. Kumpima, kumbe bado sana.

Kwenye benchi alikaa Claudine, mkulima aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alikuwa kimya, ameng'ata pindo la kitenge.

"Unaumwa, dada?" Esteri aliuliza.

"Kidogo."

"Basi subiri."

Hawa waliokulia kambini ni wagumu, Esteri aliwaza, akapita. Akapita tena na tena. Hakumpima.

Ndipo akaingia Anania, mkuu wa zamu, akitokea wodi nyingine. Aliutazama uso wa Claudine, umelowa jasho.

"Huyu umempima?"

"Bado. Si ametulia?"

Walimpandisha kitandani haraka. Mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yameshuka. Mtoto akatoka amelegea, halii. Weee! Esteri alimkausha, akamsugua mgongo, akamvika barakoa ya kupumulia na kumsukumia hewa. Mwishowe mtoto akalia, na Esteri naye akalia.

Baadaye Anania hakumgombeza. "Kwa nini ulimruka?" aliuliza.

"Niliona watu wa kambini wamezoea shida."

"Najua hukukusudia ubaya. Fikra za hivyo huingia kichwani bila kubisha hodi, zinatuamulia kabla hatujapima. Kwa hiyo kila anayefika, mpime kwanza. Halafu jiulize: angekuwa ndugu yangu, ningempita?"

Claudine, aliyekuwa akiwasikia kutoka kitandani, alisema kwa sauti ya chini, "Kwetu ukizaa kwa kelele utachekwa hadi uzeeni. Nilikuwa nakuita, sista, ila kwa macho."

Esteri aliona aibu kweli. Mama yake mwenyewe, kule kijijini Kitahana, aliwazaa watoto wake wote mdomo umefungwa. Jambo hilo alilijua tangu utotoni, na bado hakumwona Claudine!

"Nisamehe, dada," alisema.

Tangu hapo Esteri hampiti mtu, awe wa kelele au mkimya. Kila anayefika anapimwa kwanza.

Claudine aliporudi na mimba ya pili, alikaa kwenye benchi lile lile.

"Unaumwa?"

"Kidogo tu, sista."

"Kidogo chako nakijua mimi! Haya, panda kitandani."

Claudine akacheka, japo uchungu ulimbana. Haikupita muda, mtoto akatoka akipiga kelele zote ambazo mama yake hakuzipiga.