Pini Katika Pua ya Aliyekanyagwa

Aliyesimulia haya kwanza ni shangazi yangu Soazig, mwaka 1971, tulipotoka kumzika dada yake Annaig. Yalitokea kijijini kwetu Bretania, Ufaransa, Mei 1924.

Katika kanisa dogo la Mtakatifu Gweltogan, msichana anayetaka mume huchoma pini kwenye pua ya sanamu ya mtakatifu. Ikishika, ataposwa. Lakini ile pua ya mti ilikuwa imeliwa na pini za miaka mingi, limebaki shimo. Annaig akainama, akachoma pua ya jini aliyechongwa chini ya nyayo za mtakatifu, yule ambaye mtakatifu alimfunga kwa mshipi wake na kumkanyaga asiinuke.

“We Annaig! Siye huyo!” Soazig, aliyekuwa naye, alimkemea.

“Pua ni pua. Huyo wako anayo?”

Pini ikashika.

Jumatatu adhuhuri mlango wa nyumba yao uligongwa kwa fimbo mara tatu, kama wagongavyo washenga. Nje hapakuwa na mtu, ila harufu ya mshumaa uliozimwa punde. Jumanne zikagongwa ngazi. Jumatano, meza. Alhamisi Annaig aliandaa sahani mbili za uji, moja mbele ya kiti kitupu, na Soazig akaona kijiko kikizama polepole, uji ukipungua, na alama nyeusi ikizunguka kidole cha dada yake kama pete inayokazwa, huku harufu ya mshumaa ikizidi hadi machozi yakamtoka.

“Dada, unaongea na nani?”

“Siongei. Najibu tu,” Annaig alinong'ona. “Jumapili ananichukua. Soazig, sitaki.”

Soazig alikimbilia kwa Bibi Katell, mtunza ufunguo wa kanisa.

“Pini inachomoka, mjukuu wangu. Ila posa yake hairudi mikono mitupu. Atakayeichomoa ndiye atakayeipokea.”

“Mimi sina sura, bibi. Labda atanikataa.”

Bibi Katell hakucheka. Alimpa ufunguo.

Annaig aliolewa na mwoka mikate, akazaa wanne. Bibi Katell alifariki 1930. Soazig hakuolewa. Kila adhuhuri huandaa sahani mbili, na hajawahi kunikaribisha kwenye ile ya pili. Kati ya watu wote wa kisa hiki, aliye hai ni yeye tu.