Kinachobaki Chini ya Sufuria

Zilianza kucha. Mama alikuwa akimkata kichanga wake kucha pale kizingitini, akaona zina rangi ya wino. Akazifuta kwa kanga. Rangi haikutoka.

"Baridi hiyo," akasema mama mkwe, akiendelea kupepeta mahindi.

Baridi gani ya jua la saa saba, jamani? Lakini mkwe akishasema, nani abishe.

Mama hakuwa na maziwa, kwa hiyo mtoto alilelewa kwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima. Kisima kilikuwa mteremkoni, chini ya shamba, na shamba lile mume alikuwa amelimwagia mbolea ya chumvichumvi gunia baada ya gunia, maana mwenye mahindi mafupi huchekwa. Kila mvua iliponyesha, mama alisikia kitu kikimeza kule kisimani: gu, gu, gu. Akamwambia mume.

"Wewe na kisima chako," mume akacheka. "Kesho utaniambia kimeomba na sukari."

Midomo ya mtoto ikafuata kucha. Mganga akaitwa. Akafukiza nyumba mpaka macho yakawasha, akainama kisimani, akarudi amekunja uso.

"Jini limo humo," akanong'ona. "Halina harufu wala ladha. Maji yachemsheni mpaka yabaki nusu, litakufa kwa moto."

Hapo ndipo walipopotea wote, na nasema wazi kwa sababu mpaka leo inanikera: moto huua vijidudu, lakini kilichotoka kwenye yale magunia hakifi kwa moto. Maji hupungua, chenyewe kinabaki, kinakolea. Mama hakujua. Alichemsha asubuhi, akachemsha mchana, akachemsha mpaka vidole vikazoea mfuniko wa moto na moyo ukazoea kumwona mwanawe akihema mdomo wazi, na kadiri alivyochemsha ndivyo ukoko mweupe ulivyozidi chini ya sufuria, na ndivyo ile sauti ilivyotoka kisimani ikaingia jikoni, ikatoka jikoni ikaingia kwenye chupa, hadi mchana mmoja akamnywesha mtoto na kusikia kitu kikimeza, gu, gu, gu, ilhali midomo ya mtoto ilikuwa imetulia kabisa.

Mtoto alikufa siku hiyo, na mama hakulia. Watu walimsema kwa hilo. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, hata pole za watu zilimpita. Mganga akaja tena, akatangaza kwamba jini limechukua lilichokitaka na limekwenda zake. Mama mkwe akamshukuru.

Baada ya mazishi wageni walihitaji chai. Mama akateka maji kisimani, akabandika sufuria. Wifi yake, aliyekuja na kichanga wake mgongoni, akaingia jikoni na chupa tupu.

"Samahani, wifi. Una maji yaliyochemka? Huyu ana njaa."

"Chukua haya," mama akasema. "Nimeyachemsha sana. Yamebaki nusu."

Wifi akakoroga maziwa, akamnywesha mwanawe. Nje mvua ilianza, na mume akasikika akiwaambia wageni kwamba mahindi yatafurahi. Mtoto akashiba, akaiachia chupa, akalala. Wifi akaiweka mezani.

Ndani ya chupa kitu kikaendelea kumeza.

Mama alisikia. Alitaka kunyoosha mkono aimwage. Mkono ulibaki mapajani, naye akautazama tu.