Lindo la Pembe ya Nne

Wa kwanza kumwambia Hester kwamba kofia ya mumewe inapumua alikuwa Edie, yaya wa mtoto. Alimwambia kwa kunong'ona, huku akikunja nepi, bila kuinua macho.

"Inafanya nini?"

"Inapumua, bibi. Nimeupangusa ule mnyororo wa kidevuni, una unyevu kama wa mdomo wa mtu. Nimepangusa tena. Umerudi."

"Ni ukungu huo, Edie. London nzima imelowa."

"Ukungu haunuki nta, bibi."

Hester alicheka kidogo, kisha akapanda ngazi kwenda kuangalia. Kofia ilikuwa juu ya kabati la ukumbini, ya chuma kilichopakwa dhahabu, manyoya meupe ya batamaji yakining'inia. Siku zote ilitazama mlango wa nje. Sasa ilitazama chumba cha mtoto wao, Tilly.

Mumewe, Ambrose, alikuwa mnadhimu wa serikali katika Bunge la Malodi. Kazi yake ilikuwa kujua nani atapiga kura, nani amelewa, na nani wa kufuatwa nyumbani kwa gari. Pamoja na kazi hiyo alipewa, kama walivyopewa waliomtangulia, unahodha wa walinzi wa mfalme: koti jekundu, upanga na kofia ile. Serikali ikianguka, mavazi hayo huhamia kwa mnadhimu wa upande wa pili. Kwa miaka mingi hakuna nahodha aliyemlinda mtu yeyote.

"Mimi namlinda mfalme asipigwe na kura," Ambrose alipenda kusema mezani, na wageni walicheka.

Lakini wiki iliyotangulia mfalme mzee alikuwa amefariki, na Ambrose alisimama kwenye jeneza lake katika ukumbi mkubwa. Walinzi walikuwa wanne, kila mmoja pembe yake, migongo kwa jeneza, vichwa vimeinama. Tangu siku aliyorudi kutoka huko, Tilly, mwenye umri wa miaka miwili, alianza kulala sana.

Alasiri ile Edie alimwita tena. Kwenye zulia, karibu na pembe ya kitanda cha mtoto, palikuwa na matone ya nta na alama mbili za visigino, zimedidimia kama mtu mzito amesimama hapo kwa saa nyingi. Nyumba haikuwa na mishumaa. Siku iliyofuata alama zilikuwa kwenye pembe mbili. Iliyofuata tena, tatu, na Tilly alipoamshwa alifungua macho akamtazama mama yake kama anayemtazama mtu ng'ambo ya mto, kisha akayafumba, na mikono yake ilikuwa baridi ingawa daktari alisema hana ugonjwa anaoujua yeye.

Ambrose alimpigia simu mjomba wake, Lord Harbottle, mzee aliyewahi kuushika unahodha huo mara tatu. Mzee alikuja na mkongojo wake, akainama juu ya zulia, akanusa.

"Ulivua kofia?" aliuliza.

"Lini?"

"Usinichezee, Ambrose. Pale kwenye jeneza."

Ambrose akaona haya. "Askofu alianza kuomba, mjomba. Ningefanya nini? Mtu hasimami mbele ya Mungu na kofia kichwani."

"Mtu, sawa. Mlinzi havui. Hata kanisani havui, kwa sababu yuko kazini. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa. Nilikuwa nafikiria kura za Jumanne."

Mzee aliketi. "Zamani walikuwa walinzi kweli, walilala mlangoni kwa mfalme na mashoka yao. Baadaye tukaja sisi wanasiasa, tukapewa nguo. Kazi yenyewe ilibaki haina mwenyewe. Na kitu kisicho na mwenyewe hupata jini la kukishika. Ulipovua kofia ukaiweka chini, lilikuja likashika lindo lako. Sasa limekufuata nyumbani, na linalinda kama lilivyojifunza pale."

"Linamlinda Tilly?" Hester aliuliza. "Basi si vibaya?"

"Mwanangu, linalinda maiti. Pembe ya nne ikijaa, huyu kitandani atakuwa maiti."

Hester alikwenda kusimama kando ya kitanda.

"Tuitupe mtoni," alisema Ambrose.

"Kofia ni chuma tu. Lindo halitupwi, hupokelewa. Vaa, usimame pembe ya nne kabla halijaishika lenyewe. Usisogee, usivue, usiseme, mpaka mtu aje akuambie, 'Nakupokea lindo.' Wewe utajibu, 'Nimekuachia.' Huyo ndiye atakayeondoka nalo."

"Nani atakubali?"

"Mimi. Sina mtoto wala mke, na vitanda vyangu vyote havina watu. Nikifa nalo, litazikwa. Lakini leo ni siku ya kura, na asipoenda hata mmoja wetu, chama kitaniua kabla ya jini. Nitapiga kura, nitarudi."

"Bila mimi hatushindi," alisema Ambrose. Alimtazama mtoto, akamtazama mjomba wake. Kisha akaifuata kofia.

Saa kumi jioni giza la majira ya baridi lilikuwa limeingia dirishani. Hester aliketi mlangoni, kwa kuwa mjomba alikataza mtu mwingine asiingie, na kutoka hapo alimwona mumewe katika suti yake ya ofisini na ile kofia ya dhahabu, mgongo kwa kitanda, kichwa kimeinama, na angecheka kama si zile pembe nyingine tatu, ambazo hazikuwa na kitu na hata hivyo zulia lake lilikuwa linadidimia polepole, na harufu ya nta na maua yaliyooza ikawa nzito kiasi cha kuonjeka ulimini. Simu chini ilianza kulia. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena, na kila ilipolia Hester aliona bega la Ambrose likitikisika, maana huko bungeni walikuwa wakimtafuta, na yeye maisha yake yote hajawahi kuiacha simu ile ilie, hata usiku ule Tilly alipozaliwa, na sasa alisimama, jasho likimtiririka shingoni, huku kitu karibu naye, kwenye pembe ambayo haikuwa na mtu, kikivuta pumzi ndefu kupitia mnyororo wa chuma, kwa subira, kama mzee anayengoja apishwe kiti chake.

Kengele ya mlango ililia. Hester alisikia hatua kwenye ngazi, akafikiri ni mjomba. Alikuwa Lord Brackwell, mnadhimu wa upinzani, mwenye uso mwekundu kwa shampeni. Yeye na Ambrose walitukanana bungeni na kula pamoja Jumapili.

"Kura tatu, Ambrose! Tatu! Ulikuwa wapi, bwana?" Alisimama mlangoni. "Mungu wangu. Serikali inaanguka, wewe unacheza sinema na mtoto?"

Ambrose hakujibu.

"Umenuna? Usinune. Nimekuja kuchukua kofia yangu, ingawa kichwa chako ni kidogo, itanibana." Akacheka, akaingia, akajikaza kama askari, akapiga saluti. "Haya nahodha, walinzi wa zamani walikuwa wanasemaje? Nakupokea lindo!"

Hester alifungua mdomo. Brackwell alikuwa na mjukuu, mvulana mdogo, aliyekuja kucheza na Tilly wakati wa kiangazi. Neno moja lingetosha kumzuia. Ambrose aliinua macho, akamtazama mkewe, na wote wawili walijua wanachokifikiria.

"Nimekuachia," alisema Ambrose.

Zulia likainuka. Nyuma yao Tilly alikohoa, akalia kwa sauti kubwa, akitaka maziwa. Brackwell alishuka ngazi akipiga mluzi, kofia kwapani.

Mjomba alipofika na kuambiwa, hakumgombeza mtu. Alikaa kwenye ngazi akafunika uso.

Asubuhi yake Hester alimnywesha Tilly uji, akavaa koti.

"Ukiwaambia, watalirudisha hapa," alisema Ambrose.

"Najua."

Alikwenda kwa miguu. Aliyemfungulia mlango ni Lettice, mkwe wa Brackwell, bado akiwa na kanzu ya kulalia.

"Hester! Mbona mapema hivi? Baba mkwe amelala, alikunywa sana jana."

"Mtoto wako yuko wapi?"

"Naye amelala. Ajabu, siku zote ndiye anayetuamsha. Nimemwita mara mbili."

Hester alimpita bila kuvua koti. Chumbani, kofia ilikuwa juu ya sanduku la midoli. Hakuangalia ni pembe ngapi zimeshikwa. Aliivaa, akasimama kwenye pembe ya miguuni pa kitanda, akampa mtoto mgongo.

"Mpigie simu Lord Harbottle," alisema. "Mwambie aje sasa hivi. Usiniulize kitu tena, Lettice, sitakujibu."

Kisha akainamisha kichwa.