Mshika Waya

Fundi Vidole alikuwa ameshafunga sanduku la vifaa gari lile lilipoingia uani. Lilikuwa gari la zamani, lenye taa za duara, na lilikuja likijikokota bila mwanga wowote ilhali jua lilikuwa limeshazama. Akasonya. Njaa ilikuwa inamuuma, na chumba cha pili mkewe alikuwa bado anashona, cherehani ikilia bila kupumzika.

Aliyeendesha alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. Kiti cha nyuma alikaa mzee mwenye miwani myeusi, fimbo ameishika katikati ya magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mzee alijibu, uso ameuelekeza ukutani.

"Baba haoni," mwanamke akanong'ona. "Na hizi taa zimekataa zote mbili. Tusaidie, fundi."

Vidole hakuwa mtu wa kukataa kazi ya taa. Jina lenyewe alilipata huko. Wenzake walipima nyaya kwa kitaa cha kupimia. Yeye alitia mate kidoleni, akagusa, akakuambia waya una moto au hauna. Umeme wa betri ya gari hauui mtu, unamtekenya tu. Alijivunia vidole hivyo kupita kiasi, na alipenda zaidi akiwa na watazamaji.

Akafungua boneti. Fyuzi nzima. Globu nzima. Moto ulitoka kwenye swichi, ukapita kwenye relei inayoupeleka mbele, ukafika nyuma ya taa bila wasiwasi. Basi ugonjwa ulikuwa upande wa kurudi. Moto ukishafika kwenye taa lazima upate njia ya kurudi kwenye betri, na katika magari kama lile njia hiyo ni waya mfupi mweusi unaofungwa kwa bolti kwenye bodi. Kutu ikiingia pale, taa haiwaki. Angekwangua kidogo, afunge, aende akale.

Lakini waya wa taa ya kulia haukuwa umefungwa popote. Ulikuwa unaning'inia, na ncha yake imesukwa kwa nywele... nywele za watu, nyeusi kwa nyeupe, zimeviringishwa kwa ustadi wa mtu asiye na haraka.

"Nani kafanya huu ujinga?"

"Tulilikuta hivyo," mwanamke akasema.

Akazikata nywele, akazitupa. Akakwangua kutu, akafunga waya kwenye bodi, akaomba swichi iwashwe. Giza. Akavuta waya mpya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Giza vilevile. Moto upo, njia ipo, na taa haiwaki! Vidole akakasirika kama mtu aliyetukanwa mbele za watu. Akaufungua tena ule waya mweusi, akatia mate kidoleni, akaushika.

Taa ya kulia ikawaka.

Mwili wa mtu haupitishi moto wa kutosha kuwasha taa kubwa. Hilo alilijua vizuri kuliko jina la babu yake. Lakini taa ilikuwa inawaka, ya njano, imetulia, inamulika ukuta. Harufu ya nywele zinazoungua ikampanda puani. Kisha akahisi kitu kinavutwa nyuma ya macho yake... taratibu... kama uzi unavyochomolewa kwenye pindo la nguo.

Akauachia waya. Taa haikuzimika.

Jicho lake la kulia ndilo lililozimika.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Ndipo sauti ya mzee ikatoka ndani ya gari, ya kunong'ona, ya mtu asiyeamini bahati yake.

"Huyu fundi ana kovu kidevuni. Na shati lake limechanika begani."

Mwanamke akajifunika uso, akalia kwa furaha.

Mzee alishuka. Fimbo aliiacha ndani. Akaikwepa ndoo ya oili chafu, akaja kusimama mbele ya Vidole, akavua miwani. Macho yake yalikuwa maangavu, na Vidole aliyafahamu. Kila asubuhi alikuwa akiyaona kwenye kioo.

"Pole, kijana. Mimi nami nilikuwa fundi taa. Gari hili lililetwa kwangu jioni kama hii, aliyepona akaniachia."

"Nirudishie."

"Hayarudi. Anayeshika anatoa, aliyekaa ndani anapokea. Usijidanganye kwamba umebakiza moja. La pili hufuata. Langu lilifuata hata karakana sijafunga."

Kweli. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaanza kuingia ukungu pembeni.

"Waya wa kushoto bado upo," mzee akaendelea kwa upole wa kukera. "Kaa pale nilipokuwa nimekaa, uite mtu. Usimlazimishe, mtu wa kulazimishwa hawashi kitu. Mwite tu."

"Nimwite nani?"

"Mimi nilimwita huyu binti yangu. Akakataa, akaahidi kunitafutia mwingine." Binti akatazama chini. "Wewe fanya haraka."

Vidole akapapasa mpaka mlangoni, akaketi kiti cha nyuma. Kilikuwa bado na joto la mzee. Barabara ilikuwa tupu. Akawafikiria majirani, wote wameshafunga. Akawafikiria watoto, akajichukia kwa kuwafikiria. Akabaki mtu mmoja, aliye karibu, asiyewahi kumkatalia jambo. Fundi asiyeona ni mzigo, alijiambia. Mshonaji asiyeona ni mzigo pia, lakini hilo hakujiambia. Ukungu ulikuwa umefika katikati, na hofu ikaushinda utu wake.

"Mama watoto," akaita. "Njoo unishikie waya hapa mbele. Mara moja tu."

Mkewe akaja papo hapo. Vidole alimwona kama kivuli kinachopita mbele ya mwanga, kikaenda kusimama kwenye taa ya kushoto.

"Upi?"

"Mweusi. Huo unaoning'inia."

Hakuuliza kwa nini fundi amekaa kiti cha abiria. Hakuuliza wale ni nani.

"Ukuta wetu ni bati, baba watoto," mkewe akasema polepole. "Nimesikia yote. Nikaacha kushona, nikasema ngoja nione kama ataniita."

Vidole akafungua mdomo. Neno lilikuwepo, fupi tu. Acha. Angelisema, lingetosha.

Hakulisema.

"Haya," mkewe akasema. "Ona."

Taa ya kushoto ikawaka.

Ukungu ukaondoka wote kwa mara moja. Akaona misumari kwenye ukuta wa bati, akaona vipande vya uzi kwenye sketi ya mkewe, akauona uso wake pembeni ya boneti, katikati ya mwanga, umetulia, unamtazama yeye kwa dharau ambayo hakuwahi kuiona katika ndoa yao yote. Ulimtazama hivyo mpaka macho yakakosa pa kulenga.

Gari liliondoka likimulika barabara nzima. Vidole ameuliza kila fundi anayemjua, hakuna aliyewahi kuliona. Cherehani imefunikwa kitambaa. Mkewe halii wala hamlaumu, anakula anacholishwa, anakaa mlangoni. Ila jua likizama na injini ikakata kona kuingia mtaa wao, huinua kichwa.

"Ni lile?"

"Silo."

"Litarudi. Mzee alisema nini kuhusu kulazimisha?"

Vidole husogea hatua moja kando.

"Sitakulazimisha, mume wangu," mkewe humwambia, na hutabasamu kuelekea pale anapodhani amesimama. "Nitakaa nyuma, nikuite tu."