Pampu ya Ng'ambo ya Laga

Kila Jumatatu kabla ya kengele, Akidor alifuta vumbi kwenye kompyuta za shule yao huko Kanamkemer, mjini Lodwar. Jumatatu hiyo alikuwa amefikia ya mwisho Mwalimu Namuar alipoingia akimnyooshea simu, uso umemsawijika.

"Ni binamu yako wa Kakuma."

"Ejok, Akidor," Erupe alimsalimu kwa Kiturkana. "Mbuzi wa baba wamekufa. Tuliwapeleka kwenye pampu ya ng'ambo ya laga, tukavuka mchanga wote wa mto mkavu, tukakuta imeharibika. Wengi hawakuweza kurudi."

Kitambaa kilimdondoka Akidor.

Chama chao cha kompyuta kilikusanya habari za pampu za maji: ipi inafanya kazi, ipi imekufa. Wanafunzi waliziandika kwenye faili, na watoto wa wafugaji wakazisoma kwa simu kwenye ukurasa wa mtandao. Wiki iliyopita Mwalimu Namuar alimwomba Akidor aibane faili hiyo iwe nyepesi, kwa kuwa mtandao wa Kakuma ni wa kusuasua. Akaibana. Kisha akafungua ile ya zamani, ambayo haikubanwa, akaona kila kitu kiko sawa.

"Umeijaribu kwa simu?" mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

Hakuwa ameijaribu. Wenzake walikuwa wakimwita uwanjani, netiboli inaanza.

Ijumaa jioni Erupe alipiga simu. "Dada, ukurasa wenu umeandikwa na kuku aliyekanyaga wino? Sioni hata neno moja!"

Akidor alicheka. "Ni mtandao wenu huo! Subiri, utafunguka. Faili ni nzima, nimeijaribu mwenyewe."

Wakasubiri. Kiu ya mbuzi haikusubiri; wakaondoka nao bila kuusoma ukurasa.

Sasa Mwalimu Namuar alifungua ukurasa kwenye simu yake. Alama za ajabu zilijaa kioo kizima.

"Faili haina kosa," alisema polepole. "Lakini kabla ya kutuma faili, seva hutanguliza mistari michache ya maelezo. Hapo ndipo kivinjari cha simu hujua kinacholetewa ni nini. Hatukuweka mstari wa kusema kwamba faili imebanwa, kwa hiyo kivinjari hakikuikunjua. Kimeonyesha mzigo ukiwa bado umefungwa."

Aliongeza mstari huo kwenye seva, akafungua ukurasa upya. Majina ya pampu yakajipanga moja baada ya jingine. Mbele ya pampu ya ng'ambo ya laga paliandikwa: imeharibika.

Akidor aliutambua mtindo wake wa kuandika harakaharaka, bila nukta. Machozi yakamtoka.

"Mwalimu, sikuijaribu."

Mwalimu Namuar alikaa kando yake. "Mstari huo hata mimi ningeweza kuusahau. Ndiyo maana nilikuuliza."

Jumamosi Akidor na mama yake walikwenda Kakuma. Mjomba Lopeyok, baba yake Erupe, alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya zizi. Mbuzi watatu waliobaki walilala kivulini, mbavu zinahesabika.

"Pole, kaka," mama alisema.

"Mbuzi huzaliwa wengine," alijibu, akawamiminia chai ya rangi. Maziwa hayakuwapo.

Akidor hakuinywa. Alieleza yote, tangu netiboli hadi kile kicheko cha kwenye simu. Erupe, aliyesimama mlangoni, aligeuza uso.

Mjomba aliweka kikombe chake chini.

"Ungesema hujui, mwanangu, ningemtuma Erupe akaulize kwa wenye ngamia. Neno 'sijui' halijamnyima mtu maji. Uliposema umejaribu, niliacha kuuliza. Kazi ambayo hujaipima, usiiapie."

"Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe." Aliinuka, akaegemea miiba ya zizi, akiwapa mgongo. "Kulikuwa na jike mweusi, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Siku zote nilisema simuuzi kwa sababu ana maziwa." Alisukuma mwiba mmoja urudi mahali pake. "Si maziwa. Nilikuwa nimekuwekea wewe, Akidor."