Buabua Si Shakwe

Uliviona. Usije ukaniambia hukuviona. Kila asubuhi vipangachuma, vile vipanga vya chuma visivyo na rubani, hukupitia dirishani, mia mbili kwa mpigo, vikiisafisha anga ya Tanga ili teksi yako ya anga isigongane na ndege hata mmoja. Nawe unashusha pazia, unaendelea na chai. Mwaka 2061 walipofukia mikoko ulisema tutazoea. Haya, umezoea.

Mejumaa Kasimu hakushusha pazia, kwa kuwa ofisi yake kule Raskazone haina pazia. Haina mtu mwingine pia. Zamani walikuwa wafunzamashine arobaini chumba kizima, kazi yao kuuonyesha ubongomnara, ile mashine inayoviongoza vipangachuma, picha na kuutajia jina la kila kitu: hiki kiti, huyu mbwa, hii mvua. Ubongomnara ulipojua kutazama wenyewe, wakaondolewa mmoja mmoja. Akabaki yeye, mwenye miaka sitini na tatu, na viti thelathini na tisa vilivyogeuzwa miguu juu.

Jumatatu moja akasoma ratiba ya vipangachuma. Fungu la Chumvi: shakwe mia tatu na kumi na wawili. Ondoa kesho.

Akaomba picha ya fungu hilo la mchanga. Ndege wana utosi mweusi, mkia umepasuka kama mkasi, na chini ya kila tumbo yai, juu ya mchanga mtupu.

"Ebo! Hawa si shakwe. Hawa buabua!"

Shakwe ndiye mla jalala, mfuata matumbo ya samaki sokoni, anayeingia kwenye mapangaboi ya teksi. Buabua hana haja na taka zako. Hula dagaa anaowapigia mbizi mwenyewe, na ni majuma machache tu kwa mwaka anashuka mchangani, atage.

Akampigia Injinia Shekiondo, msimamizi wa anga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmekosea jina, baba. Fungu la Chumvi ni buabua, tena wameatamia."

Shekiondo akacheka. "Bibi Mejumaa, wote weupe, wote wana mabawa. Sasa tuwaite na ubini wao?"

"Mbuzi na paa wote wana pembe. Kamkamue paa basi."

"Kubadili neno moja kwenye ubongomnara ni kusimamisha anga siku mbili. Watu waende kazini kwa miguu? Halafu..." Akasoma kitu kwanza. "Halafu fundisho lenyewe lina alama yako, bibi. M.K., mwaka 2028. Umesahau?"

Hakusahau. Msimamizi wa siku zile alipita nyuma ya viti akisema, cheupe chochote cha baharini andika shakwe, twende, twende. Chumbani mle Mejumaa peke yake alijua tofauti. Mama yake alimfundisha. Akainua mkono. Wenzake wakaangua kicheko: "Kaa chini, Mama Ndege!" Akaushusha. Akaandika shakwe mara elfu nne, akalitamka na kwenye kinasa sauti.

Kipangachuma kina sheria moja kisiyoivunja: hakishuki palipo na binadamu ndani ya hatua mia. Kwa hiyo Jumanne, maji yalipokupwa, Mejumaa akatembea hadi Fungu la Chumvi na mwavuli, dumu la maji na mikate. Akakaa ukingoni, asikanyage yai.

Buabua hawakumshukuru. Walimdonoa utosi, wakaunyea mwavuli mzima.

Kipangachuma kikaja, kikaning'inia mbali. Kikasema kwa sauti ya mwanamke kijana mwenye haraka: "Shakwe. Ondoka."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Buabua," akajibu.

"Shakwe."

"Buabua, mwanangu. Sema bua-bua."

"Binadamu mmoja," ikasema ile sauti yake ya ujana. "Nasubiri."

Leo siku ya tisa, na bado kinasubiri. Chenyewe hakichoki, yeye magoti yamevimba. Huongea nacho, hukisimulia habari za mama yake, maana hana mwingine wa kuongea naye. Majirani aliowapigia simu kuwaomba zamu walisema tutaona, mama, Mungu akipenda. Teksi zinapita juu yake, abiria wanampiga picha. Nasikia ya kwako ilitoka vizuri.

Mayai yamebakiza siku kumi na mbili yaanguliwe, kisha makinda majuma manne kabla hawajaruka. Na kesho Mejumaa lazima arudi mjini, kwa kuwa dumu limekauka na miguu haitamvumilia siku nyingine. Atakapofika hatua ya mia na moja, sauti yake itashuka mchangani.

Maji yanakupwa saa nne asubuhi. Njia inaanzia nyuma ya ile ofisi ya Raskazone, kina cha magotini. Beba mwavuli na dumu. Kazi yenyewe ni kukaa tu, na neno unalotakiwa kulijua sasa unalijua. Funga hicho unachokisoma, inuka, nenda ukampokee zamu.