Ukurasa wa Mwalimu wa Hesabu

Vidole vya msichana huyu havikujua kutulia. Vilibonyeza, vilivuta, vilifungua. Saa ya ukutani ilikata roho mikononi mwake, na kufuli la kabati halikufunga tena tangu siku alipotaka kujua ndani yake kuna nini. Bibi yake akamwita Kidole. Jina likamganda, hata shuleni wakamwita hivyo hivyo.

Kila akitoka shule alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mama yake, fundi cherehani, akakaa juu ya furushi la vitambaa na kuanza kuchokonoa.

"Acha hiyo zipu, Kidole."

"Naitazama tu, mama."

"Kwani macho yako yako vidoleni? Iache!"

Siku moja mama alikuwa na sare za shule za kumalizia, mguu hautoki kwenye cherehani. Alikuwa amepima damu hospitalini, na majibu siku hizi yalisomwa kwenye tovuti ya hospitali. Akampa Kidole simu na risiti.

"Ingiza namba hiyo unisomee. Sina nafasi ya kwenda kupanga foleni."

Kidole akasoma. Damu ilikuwa imepungua kidogo. Mama ameze vidonge na ale mboga za majani kwa wingi. Mama akashusha pumzi, cherehani ikaendelea kunguruma. Mambo yangeishia hapo kama simu ingekuwa kwa mtu mwingine. Lakini Kidole aliona kwamba juu ya ukurasa, mwishoni mwa anwani, ile namba ya risiti ilikuwa imeandikwa yote. Je, nikibadilisha tarakimu ya mwisho? Hakungoja jibu. Akaibadilisha.

Ukurasa mwingine ukafunguka. Haukuuliza wewe ni nani wala umetoka wapi. Jina, umri, majibu na ugonjwa, vyote peupe! Na jina lile Kidole alilijua vizuri, maana lilikuwa la mwalimu wao wa hesabu.

Mwalimu alikuwa anaumwa nini? Wee! Hilo sikwambii. Si langu, si lako, wala halikuwa la Kidole. Tuendelee.

Kidole akafunga ukurasa haraka, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Tangu hapo roho yake ikawa juu juu. Kesho yake mwalimu wa hesabu aliingia darasani amekonda, shati linampwaya, akaandika maswali ubaoni. Kidole alishindwa kumtazama usoni. Alijiona kama ameandikwa kwenye paji la uso: huyu anajua.

Wa kwanza kugundua alikuwa rafiki yake wa dawati moja. Huyo walimwita Redio, kwa sababu taarifa zake hazikuwa na mapumziko.

"Una nini? Tangu asubuhi unakaa kama umekalia miiba."

"Sina kitu."

"Una kitu. Sema, nitakufa!"

Na Kidole, kwa kutaka kutua mzigo, akasema, "Tovuti ya hospitali ina tundu. Ukibadilisha namba juu pale, unaingia kwa mtu mwingine."

Alipouma ulimi, maji yalikuwa yameshamwagika.

"Loo! Umeingia kwa nani?"

"Hilo sisemi."

"Basi tufungue nyingi, tupige picha, tuziweke kwenye kundi la darasa! Bila ushahidi, nani atatuamini watoto kama sisi? Hospitali wakiaibika, wataziba leo leo."

Maneno hayo yalisikika kama ya busara, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Kidole mwenyewe alianza kukubali. Kisha akaona akilini mwake picha ya ukurasa wa mwalimu ikizunguka kutoka simu hadi simu, na watu wakicheka.

"Sitakuonyesha," alisema. Redio akanuna. Hakuwa na risiti ya hospitali, na bila risiti hakujua aanzie wapi. Lakini atakosa mpaka lini?

Mchana ule Kidole aliingia chumba cha cherehani bila kugusa kitu.

"Mama, nimechungulia."

Cherehani ikasimama. Akaeleza yote, isipokuwa jina.

"Kwa nani, Kidole?"

"Siwezi kusema, mama. Nikisema nitakuwa nimemchungulia mara mbili."

Mama alikuwa ameshainua mkono. Akaushusha polepole, akachukua simu na kumpigia kaka yake.

Mjomba alikuwa mkaguzi wa tovuti. Makampuni yalimwajiri atafute kasoro kabla wezi hawajazitafuta. Alifika na kompyuta yake begani.

"Haya, mpwa wangu, leo umevunja nini?"

"Sijavunja, mjomba. Nimekuta wazi. Nikusanye kurasa nyingine ziwe ushahidi?"

"Ukikuta mlango wa jirani haujafungwa, utabeba masufuria yake ili kumthibitishia kwamba ulikuwa wazi?"

Kidole akacheka, kicheko cha kwanza tangu jana.

Mjomba akafungua tovuti ya hospitali, akateremka mpaka chini kabisa, mahali ambapo watu hawafiki. Palikuwa na maelezo kwa yeyote atakayegundua kasoro: aandike kwa nani, aeleze nini, na asifanye nini. Asifungue zaidi ya kinachohitajika. Asinakili taarifa za wagonjwa. Asitangaze kabla tundu halijazibwa.

"Wewe si ulipima malaria hapo hapo? Risiti yako ipo?" mjomba aliuliza.

"Ipo."

"Basi tutatoka ukurasa wa mama yako tuingie wako. Wenye siri ni nyinyi wawili, na wote mmekubali. Ushahidi huo unatosha, hatuhitaji wa mtu mwingine."

Wakaandika barua pepe: walichokiona na jinsi ya kukiona tena. Kidole akataka kuituma. Mjomba akamshika mkono.

"Na ule ukurasa uliochungulia?"

"Lazima tuuseme?"

"Lazima. Watajuaje nani wa kuombwa radhi?"

Mama akaruka. "Je, wakimshtaki mwanangu?"

"Dada, wameandika hapa: anayetoa taarifa kwa nia njema na kufuata utaratibu hawatamshtaki. Huyu alipitiliza hatua moja. Akiisema mwenyewe, wataelewa. Akiificha, tutakuwa tumejipalia makaa."

Kidole akaandika: Nilifungua ukurasa mmoja usio wangu. Sikunakili kitu. Naomba radhi. Vidole vyake havikuwahi kwenda polepole vile.

Hospitali wakajibu. Waliomba muda wa kurekebisha, na kimya mpaka wamalize.

Muda! Kwa mtoto kama huyu hakuna kitu kigumu kama kungoja. Kila simu ya mama ilipolia aliruka. Na shuleni mambo yalizidi. Wakati wa mapumziko mwanafunzi mmoja alisema mwalimu wa hesabu amekondeshwa na pombe, wengine wakadakia, wakamwiga akiyumba ubaoni.

Uongo mtupu, na Kidole alijua. Neno moja tu kutoka kwake lingemsafisha mwalimu. Lakini neno hilo hilo lingemvua nguo mbele ya watu. Akalimeza.

"Afya ya mtu si wimbo wa kuchezea," alisema.

"Kwani wewe unajua anaumwa nini?"

Machozi yakamlenga. Akaondoka, na vicheko nyuma yake.

Siku iliyofuata Redio alifika chumba cha cherehani, sketi mkononi. "Shikamoo, mama. Zipu yangu imekufa."

"Marahaba, mwanangu. Weka hapo."

Akaiweka mezani, na pale mezani, chini ya mkasi, ilikuwapo risiti ya hospitali. Mama alikuwa ameinama akitafuta zipu kwenye kopo. Kidole alipogeuka, Redio alikuwa ameshaingiza namba ile kwenye simu aliyoazima kwa dada yake.

"Redio, acha!"

"Mara moja tu! Nione kama hukunidanganya!"

Kidole akaruka juu ya furushi, vitambaa vikatawanyika, akafunika simu kwa kiganja. Wakavutana. Redio akabonyeza.

Papo hapo, mfukoni mwa aproni ya mama, simu ikalia. Mama akaitoa, akasoma kwa sauti: "Namba yako ya siri ya kuona majibu ni hii. Usimpe mtu yeyote." Akainua macho. "Nani anafungua majibu yangu?"

Kidole akaondoa kiganja. Ukurasa ulikuwa mtupu, una swali moja tu: ingiza namba ya siri iliyotumwa kwenye simu ya mgonjwa. Wameziba! Akakaa chini sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja. Redio alisimama na aibu yake, kwa mara ya kwanza hana la kutangaza.

"Samahani, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Zipu yako utaishona mwenyewe, na mimi nitakusimamia," mama alijibu. "Mikono ikiwa na kazi haitachokonoa ya watu."

Jioni mjomba alileta salamu za hospitali. Wameshukuru, na mgonjwa ameshaambiwa, ila jina la aliyemchungulia hawakulitaja.

Kidole angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini kesho yake, baada ya kipindi, alibaki darasani peke yake.

"Mwalimu, ule ukurasa wako wa hospitali... ni mimi niliyeufungua. Nisamehe."

Mwalimu aliweka chaki chini.

"Nilikasirika sana waliponipigia," alisema. "Niliwaza, habari zikienea, kesho darasa zima litanijua. Nikaingia hapa kila siku nikingoja. Ulimwambia nani?"

"Hakuna."

"Hata mama yako?"

"Hata mama."

"Hata Redio?"

"Hata Redio, mwalimu."

Hapo mwalimu akacheka mpaka akashika meza. "Basi nimekusamehe, maana huo ni mtihani mgumu kuliko wangu!" Kisha akatulia. "Sikiliza, mwanangu. Udadisi wako usiuue, maana bila huo hospitali ingekaa wazi mpaka leo. Lakini ukikuta mlango wa mtu uko wazi, usiingie. Simama mlangoni, umwite mwenyewe, na ungoje afunge. Na ukiwa umeona kitu, kiache pale pale ulipokiona."

"Ndiyo, mwalimu."

"Sasa futa ubao. Vidole hivyo vipate kazi."

Kidole akafuta ubao, safari hii akimtazama mwalimu usoni. Mwaka ukaisha, mwalimu akapona, shati likamkaa vizuri. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, bado unataka kuniuliza alikuwa anaumwa nini? Muulize Kidole. Mimi mwenyewe nilimuuliza, akaniambia nifute ubao.